Kwa Vijana Wapigao Ngoma Kanisani

Mwezi huu tumeona vema kusema juu ya jambo ambalo wainjilisti kadhaa wa uwanda huu wa Ufipa wametuuliza, nalo ni habari ya ngoma za seti, ambazo vijana wetu huziita dramu. Wengine wameuliza, Je, zafaa kanisani? Na wengine, Kama zafaa, mbona zatuumiza masikio na kutuondolea wimbo kinywani? Swali la kwanza hatutalijibu kwa maneno mengi, maana kila asomaye Zaburi ya 150 aona matari na matoazi yametajwa pale pasipo haya. Swali la pili ndilo lenye kazi, na jibu lake si kuziuza ngoma wala kuzifunga stoo. Jibu lake ni mafundisho. Lakini kabla ya mafundisho yatupasa kuungama kosa letu wenyewe, kwa kuwa asiyeungama hana haki ya kumfundisha mwingine.

Ilikuwa Jumapili ya Kipaimara, asubuhi ya baridi ya mwezi wa Juni, upepo ukivuma kutoka milima ya Mbizi kama uvumavyo siku zile. Kanisa lilijaa. Usharika ulikuwa umenunua ngoma za seti kwa michango ya miaka miwili, na mpigaji alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, mwenye bidii na mikono myepesi. Tulipoanza wimbo wa kuwapokea watoto, akaupiga kwa mapigo manne, nao ni wimbo wa mapigo matatu. Watu wakajaribu kumfuata, wakashindwa. Naye alipoona wimbo wayumba, akafikiri dawa ni kuongeza nguvu, kisha akaongeza na mwendo. Katika ubeti wa tatu kina mama wazee wa viti vya mbele wakaketi mmoja mmoja, na mwisho ikasikika ngoma peke yake. Ndipo sisi tuliosimama madhabahuni tukainua mkono, tukamnyamazisha mbele ya watu wote, tena kwa maneno makali yasiyofaa kutoka mahali pale. Kijana akaviweka vijiti juu ya ngoma kwa adabu, akatoka kwa mlango wa pembeni, asirudi kwa muda wa wiki kumi na moja.

Katika baraza la wazee wa usharika ikatolewa shauri kwamba seti iuzwe, fedha zikanunue mabati ya nyumba ya mwinjilisti. Shauri hilo lilikuwa na haki yake, maana nyumba ile yavuja kweli. Tukaomba tupewe muda hata Krismasi.

Baadaye tulikwenda nyumbani kwa yule kijana. Tulimkuta nyuma ya jiko, ameketi juu ya gogo, apiga dumu la plastiki lililopinduliwa kwa vipande viwili vya mti. Tulipomwuliza ni nani aliyemfundisha, alituonyesha simu. Alikuwa ametazama wapigaji wa miji mikubwa wakipiga kwa mbio na kwa manjonjo, akaiga alichokiona kwa macho, maana chombo kile hakikuweza kumwambia mkono wake umekosea wapi. Hapo tulitambua kosa letu lilivyo kubwa kuliko lake. Tulikuwa tumenunua ngoma, tusinunue mafundisho. Hakuna usharika umpao mtu cherehani asiyejua kushona, kisha umlaumu kwa sababu ya kanzu iliyopotoka. Walakini sisi tulifanya hivyo hasa.

Kwa bahati njema kulikuwako mjini Sumbawanga mzee mmoja, fundi wa baiskeli, ambaye katika ujana wake alipiga ngoma katika bendi ya dansi huko Mbeya, siku zile ambazo muziki wa Tabora Jazz na Morogoro Jazz ulisikika katika redio za nchi nzima. Si Mlutheri, na alituambia waziwazi kwamba hapendi ibada ndefu. Lakini alikubali kumfundisha kijana kila Jumamosi saa tisa alasiri, nasi tuliketi karibu na daftari. Yafuatayo mengi ni yake. Mengine tumeyapata kwa kusoma na kwa kuuliza.

Kwanza yafaa msomaji ajue chombo chenyewe. Ngoma za seti si ngoma moja, bali ni kundi la ngoma zilizowekwa chini ya mtu mmoja. Zamani katika bendi za Ulaya na Marekani watu watatu au wanne waligawana kazi hiyo, mmoja ngoma kubwa, mmoja ngoma ndogo, mmoja matoazi. Mwanzoni mwa karne ya 20 wapigaji wa Marekani walianza kuziunganisha, na mwaka 1909 William F. Ludwig wa Chicago alitengeneza kanyagio zuri la kupigia ngoma kubwa kwa mguu, hata mikono ikawa huru. Basi mpigaji ana ngoma ya mguu, yaani kiki. Ana ngoma ndogo yenye nyuzi za chuma chini yake, yaani snea. Ana tomu mbili au tatu. Ana matoazi mawili yakutanayo kwa kukanyagwa na mguu wa kushoto, na matoazi mengine yaliyotundikwa. Viungo vinne vya mwili vyafanya kazi nne kwa wakati mmoja.

Asidhani mtu kwamba jambo hili ni la Wazungu tu. Walio wazee kati yetu wakumbuka ngoma zilizotangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Zilikuwa ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, mtu kipofu, ambaye alizipanga ngoma nyingi za ukubwa mbalimbali kumzunguka, akazipiga peke yake, kila moja kwa sauti yake na mahali pake. Asiyeona hawezi kujifunza kwa kutazama. Alijifunza kwa kusikiliza. Tulimwambia kijana wetu habari hii, naye alikaa kimya kitambo.

Sasa tuje kwenye mkono, maana huku ndiko makosa mengi huzaliwa. Yule mzee alipomwona kijana akishika vijiti, alimwambia afungue kiganja. Palikuwa na malengelenge mawili, moja limepasuka. Akasema, Huyu akaba. Kisha akamwuliza kama hulima, na kijana akasema ndiyo. Akamwambia, Mkulima aliyezoea haukabi mpini. Hulinyanyua jembe, kisha huliacha lianguke kwa uzito wake, na mkono waongoza tu. Aukabaye mpini huchoka kabla ya saa nne asubuhi. Kijiti nacho ni vivyo hivyo. Hushikwa kwa kidole gumba na kidole cha shahada, mahali palipo kama theluthi moja kutoka mwisho wake mnene, na vidole vingine vitatu vyakizunguka pasipo kukibana. Kifundo cha mkono ndicho kiinuacho, si bega. Kijiti kikiigusa ngozi hurudi juu chenyewe kama mpira, na kazi ya mpigaji ni kutokizuia. Ajaribuye hivi kwa mara ya kwanza atakiangusha kijiti mara nyingi. Na akiangushe; ni afadhali kijiti kianguke kuliko mkono kukakamaa.

Kiti kiwe cha kimo kinachofanya mapaja yateremke kidogo kuelekea magotini, mgongo uwe wima, na ngoma zote zifikiwe pasipo kujinyoosha. Mtu ainamaye huumwa mgongo kabla ya mahubiri. Tena asubuhi za baridi, nazo ni nyingi hapa kwetu tangu Mei hata Agosti, mpigaji asianze na vidole vilivyoganda. Apashe mikono moto kwa kupiga polepole juu ya paja lake dakika tano kabla ya kengele.

Mazoezi ya mikono hayahitaji ngoma. Chukueni kipande cha mpira wa tairi kuukuu, kikubwa kama sahani, mkipigilie misumari pembeni juu ya ubao. Kwa fundi wa viatu vya katambuga vipande hivyo hutupwa. Juu ya mpira huo kijiti hurudi kama juu ya ngozi, na jirani hasumbuki. Vijiti vyaweza kuchongwa na seremala kwa mti mgumu mkavu, vyenye urefu wa sentimita 40 hivi, vyote viwili vya uzito mmoja. Vikiwa mbalimbali kwa uzito, mkono mmoja utadanganyika.

Wapiga ngoma wa Marekani waliokutana Chicago mwaka 1933 walichagua mazoezi 13 waliyoyaona ya lazima kwa kila mpigaji. Baadaye yakaongezwa yakawa 26, na mwaka 1984 yakapangwa upya yakawa 40. Vijana wasiogope hesabu hiyo. Mzee wetu alifundisha matatu tu kwa miezi minne, nasi twasadiki kwamba ajuaye matatu sawasawa ana njia ya kuyafikia yaliyobaki. Tutaandika U kuwa mkono wa kuume, na S kuwa mkono wa kushoto.

La kwanza ni pigo moja kila mkono: U S U S, U S U S. Laonekana kuwa la watoto. Ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu halina mahali pa kujificha. Mkono wa kushoto ukiwa dhaifu, kila mtu atasikia kama mtu achechemeaye. La pili ni mapigo mawili kila mkono: U U S S, U U S S. Hapa kosa ni kwamba pigo la pili hufa. Huanguka kama mwangwi wa lile la kwanza. Sharti yawe sawa kwa nguvu. La tatu huyachanganya hayo mawili: U S U U, S U S S. Faida yake ni kwamba kila duru huanza kwa mkono mwingine, na hivyo mpigaji ajifunza kuanza kwa kushoto bila woga. George Lawrence Stone wa Boston, aliyetoa kitabu cha mazoezi ya vijiti mwaka 1935, aliagiza kila zoezi lirudiwe mara ishirini kabla ya kuliacha. Sisi twaongeza kwamba kosa likitokea katika mara ya kumi na tisa, hesabu ianze upya. Kijana wetu alilalamika sana juu ya sheria hiyo, na siku moja tulimwona mama yake akimhesabia kwa punje za maharagwe.

Na mwendo? Anzeni na pigo moja kwa sekunde, ndiyo mapigo 60 kwa dakika. Saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde yatosha kabisa. Kipima-mwendo, kile chombo ambacho Johann Maelzel alikipatia hati mwaka 1815, siku hizi chapatikana katika simu bila malipo, na hapa simu yafaa kweli. Mkiweza kupiga pigo moja kwa kila sekunde kwa dakika tano pasipo kutangulia wala kuchelewa, pigeni mawili kwa kila sekunde, kisha manne. Ndipo mpandishe mwendo, na si kwa kuruka. Mapigo manne zaidi kwa wiki yatosha. Wengi huanza na mbio, wakitumaini usafi utakuja baadaye. Hauji. Mkono hukumbuka kosa vizuri kama ukumbukavyo haki.

Wenyeji wa Ufipa wapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Babu zetu walilima kwa intumba. Mwisho wa masika walizifukia nyasi ndani ya matuta, wakaziacha zioze, na msimu uliofuata wakayasambaza matuta hayo na kupanda ulezi. Mgeni aliyepita wakati wa matuta aliona udongo uliorundikwa tu, akauliza chakula kiko wapi. Mazoezi juu ya mpira wa tairi yafanana na matuta hayo. Kwa wiki nyingi hakuna atakayeona kitu, na mzazi atasema mtoto apoteza muda.

Baada ya mwezi mmoja mzee aliruhusu ngoma zenyewe, lakini kiungo kimoja kimoja. Kwanza mkono wa kuume peke yake juu ya matoazi ya mguu, mapigo manane sawa katika kila kipimo cha nne. Ukishatulia, mguu wa kuume uongezwe katika pigo la kwanza na la tatu. Hayo yakiwa rahisi hata mpigaji aweza kusema na mtu huku akipiga, mkono wa kushoto uongezwe juu ya snea katika pigo la pili na la nne. Kiungo kipya kikivuruga vile vya zamani, kiondolewe, mtu arudi nyuma hatua moja. Hakuna aibu katika kurudi nyuma.

Sasa tusikilize neno ambalo lingalituokoa siku ile ya Kipaimara. Kabla ya kugusa kijiti, mpigaji auimbe wimbo kwa kinywa chake huku akitembea. Mguu utamwambia hesabu yake. Nyimbo nyingi za kitabu chetu cha Tumwabudu Mungu Wetu zaenda kwa mapigo manne, lakini ziko nyingi za mapigo matatu, ambazo huhesabiwa MOJA, mbili, tatu, MOJA, mbili, tatu. Katika hizo mguu hupiga MOJA peke yake, na mkono wa kushoto hugusa mbili na tatu kwa upole, au tatu peke yake. Ziko tena nyimbo za kwaya zetu zenye mapigo sita yaendayo upesi, ambazo mwili wa Mwafrika huzicheza kwa mbili. Hapo mguu hupiga la kwanza, na snea la nne. Mpigaji asiyejua wimbo ni wa hesabu gani asipige kabisa. Akae, asikilize ubeti wa kwanza, aingie katika wa pili. Hakuna atakayemcheka, wengi watadhani alipanga hivyo.

Tukumbuke pia kwamba nyimbo zenyewe zimekuja kwetu kwa njia mbili. Zile zilizoletwa na wamisionari zilitungwa kwa ajili ya kinanda cha upepo na makanisa ya mawe, na wamisionari wengi wa kwanza walizikataza ngoma zetu kabisa. Nyingine zimezaliwa huku, kama ule wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya, ambao Bernard Kyamanywa aliuandika mwaka 1966 alipokuwa mwanafunzi wa theolojia Makumira, nao sasa waimbwa kwa lugha nyingi duniani. Wimbo wa namna ya pili huita ngoma wenyewe. Wimbo wa namna ya kwanza mara nyingine waomba ngoma inyamaze, au iguse mwanzo wa mstari tu, na mpigaji aliyekomaa hujulikana kwa kuyatambua hayo. Ule wimbo wa Luther uliotoka katika Zaburi ya 46 tumeusikia ukipigwa kama dansi, na hatukufurahi.

Juu ya manjonjo, yaani yale mapigo ya kuzunguka tomu mwishoni mwa mstari, tuna maneno machache. Vijana huyapenda kuliko yote, na ndipo mwendo hupotea. Mzee alikuwa na sheria mbili. Usipige manjonjo usiyoweza kuyaimba kwa mdomo kwa hesabu kamili. Na mguu usiache kazi yake wakati mikono inapozunguka, ili pigo la MOJA likute kila kitu mahali pake. Sisi tukaongeza ya tatu kwa ajili ya ibada. Manjonjo yasiingie watu wanapoimba maneno, bali wanapovuta pumzi.

Kupima kama mpigaji aharakisha hakuhitaji mjuzi. Mwinjilisti achukue saa, apime sekunde za ubeti wa kwanza na za ubeti wa mwisho. Sisi tulipopima mara ya kwanza, ubeti wa kwanza ulichukua sekunde 41, na wa nne sekunde 33. Kijana alikuwa akiapa kwamba hakuharakisha hata kidogo, tena aliapa kwa kweli, maana damu ikipata moto mtu hajisikii. Tulipomwonyesha saa, alinyamaza. Tangu siku hiyo saa ndiyo iliyomkemea, wala si mchungaji, na jambo hilo lilileta amani kubwa.

Yabaki habari ya sauti. Kanisa letu lina kuta za matofali na paa la bati lisilo na dari, na sauti yapigwa huku na huku kama panzi ndani ya debe. Taasisi ya Marekani ichunguzayo afya ya wafanyakazi yasema sikio laweza kuvumilia sauti ya desibeli 85 kwa saa nane kwa siku, na kwamba kila desibeli 3 zikiongezeka, muda huo hukatwa nusu. Basi katika desibeli 100 ni robo saa tu. Ngoma za seti zikipigwa kwa nguvu ndani ya nyumba huweza kupita kipimo hicho, na ibada yetu si ya robo saa. Mpigaji mwenyewe ndiye aketiye karibu zaidi, na sikio lililoharibika kwa kelele halirudi. Avae viziba masikio vya sponji wakati wa mazoezi marefu. Pamba ya kawaida haisaidii sana.

Lakini dawa iliyo bora ni kupiga kwa upole, nao ni ufundi, si udhaifu. Vijiti visipande juu ya ngozi zaidi ya vidole vinne. Fanyeni mazoezi matatu yale kwa kimo hicho, mtaona ni magumu kuliko kupiga kwa nguvu, kwa sababu nguvu huficha kutolingana kwa mikono. Seti isiwekwe katika pembe ya kuta mbili. Itandikiwe mkeka au zulia, na ndani ya ngoma ya mguu liwekwe blanketi kuukuu. Kwa nyimbo za Meza ya Bwana vijiti viwekwe kando, mpigaji atumie mafungu ya vijiti vyembamba vilivyofungwa pamoja kama ufagio mdogo. Tena ngozi za ngoma hizi ni za plastiki tangu miaka ya 1950, hazihitaji kuotwa moto kama ngoma za babu, lakini zahitaji kukazwa. Skrubu zikazwe kwa kuvuka, ya mbele kisha ya nyuma iliyoielekea, nusu mzunguko kila moja, kamwe si kwa kufuatana kwa duara, maana ngozi itavutwa upande.

Faida moja hatuwezi kuiacha. Umeme ukikatika, nao hukatika, kinanda cha umeme chanyamaza na kipaza sauti chanyamaza, lakini ngoma haina habari. Siku mbili za Novemba tuliimba ibada nzima kwa ngoma na vinywa vyetu tu, mvua ikipiga bati juu.

Yule kijana alirudi kanisani mwanzoni mwa Septemba. Tulimwomba radhi mbele ya watu, kwa kuwa tulimkemea mbele ya watu. Miezi mitatu hakuruhusiwa na mzee kupiga chochote ila mwendo mmoja ulio wazi, pasipo manjonjo hata moja, na wenzake wa kwaya walimtania. Jumapili ya kwanza ya Majilio tuliimba wimbo ule ule wa mapigo matatu. Sekunde za ubeti wa kwanza zilikuwa 42, za ubeti wa mwisho 41. Mmoja wa wale kina mama walioketi mwezi wa Juni alisimama mpaka mwisho, na baada ya ibada alitusimamisha mlangoni akauliza kama seti imeharibika, maana hakuisikia. Tukamwambia ilipigwa tangu mwanzo hata mwisho. Akasema, Basi na iwe hivyo hivyo.

Baraza lilikutana wiki iliyofuata. Wazee wawili bado wataka iuzwe, na nyumba ya mwinjilisti bado yavuja. Tumeahidi kuleta hesabu ya mabati katika kikao cha Februari, ili mambo hayo mawili yasishindanishwe tena. Mzee fundi wa baiskeli amekubali kuendelea, kwa posho ndogo itokayo katika mfuko wa vijana. Wainjilisti walio mbali na mji, watakao kijana wao aje akae wiki moja wakati wa likizo, na watuandikie mapema wakitaja umri wake. Aje na ubao wake na kipande cha tairi, vijiti tutampa.